Umeponya wangapi? Dk. Karel Styblo na kisa cha kifua kikuu Tanzania

Mwaka 1992 jiji la New York lilisajili wagonjwa 3,811 wa kifua kikuu. Ugonjwa ambao Wamarekani walidhani wameuzika ulikuwa umerudi kwa kishindo, na daktari kijana, Thomas Frieden, alikuwa amekabidhiwa kitengo cha jiji cha kupambana nao. Siku moja alipokuwa akieleza kazi yao, mzee mmoja alimuuliza jambo moja tu: kati ya hao 3,811, umeponya wangapi? Frieden hakuwa na jibu. Amelisimulia tukio hilo mara nyingi tangu hapo, na hakuishia kulisimulia. Alirudi kazini akaanzisha vikao vya kila robo mwaka vya kupitia wagonjwa mmoja mmoja, kila mmoja aelezwe ameishia wapi.

Mzee yule alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia, na swali lile hakulibuni New York. Alikuwa amelitembeza kwa miaka mingi katika wilaya za Tanzania, mbele ya waratibu wa kifua kikuu ambao, tofauti na bingwa wa New York, walikuwa na jibu. Walifungua rejista wakamwonyesha.

Inaniuma kwamba jina la Styblo halijulikani hapa kwetu nje ya watu wachache wa fani. Mkakati uliokuja kuitwa DOTS, yaani tiba ya muda mfupi ambayo mgonjwa humeza dawa akiangaliwa, na kusambazwa na Shirika la Afya Duniani karibu kila nchi ulijaribiwa na kukomazwa katika hospitali zetu za wilaya, na watumishi wetu, kwa makohozi ya wagonjwa wetu. Kumuenzi Styblo ni kulieleza jambo lile alilofanya kwa undani wake, kwa sababu sifa za jumla jumla hazimtoshi mtu aliyechukia majibu ya jumla jumla.

Alizaliwa mwaka 1921. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen, nchini Austria, na huko ndiko alikoupata ugonjwa ambao angeushughulikia maisha yake yote. Alitoka hai na akawa daktari. Sitaki kujenga hadithi kubwa juu ya jambo hilo, kwa kuwa wapo wengi waliougua TB wakaishia kuichukia hospitali. Lakini ni vema kukumbuka kwamba mtu huyu aliposema mgonjwa asiachwe njiani, alijua njia yenyewe inavyokuwa.

Kazi ya kwanza iliyompa jina ilifanyika miaka ya 1960 katika wilaya ya Kolín, nchini kwao. Wakati ule imani ya wataalamu ilikuwa kwamba ukizungusha magari ya eksirei kijiji hadi kijiji, ukapiga picha kila kifua, utawanasa wagonjwa wote mapema. Huko Kolín zoezi hilo lilifanyika kwa umakini wa hali ya juu, na matokeo yakawashangaza wengi. Sehemu kubwa ya wagonjwa wenye vimelea vingi kwenye makohozi, wale wanaoambukiza wengine kwa kasi, walijitokeza katikati ya duru moja ya eksirei na nyingine. Walianza kukohoa, wakajisikia vibaya, wakaenda wenyewe kwa daktari. Ugonjwa ulikuwa unakwenda mbio kuliko magari.

Kwa nchi tajiri hilo lilikuwa jambo la kurekebisha ratiba. Kwa nchi maskini lilikuwa na maana kubwa zaidi. Kama mgonjwa hatari anakuja mwenyewe akikohoa, basi zahanati yenye mtu wa kumsikiliza na hadubini iliyo karibu vinaweza kufanya kazi ambayo magari ya eksirei yanashindwa. Baadaye, akiwa Uholanzi katika kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1966 mjini The Hague, Styblo aliendelea kupima jinsi maambukizi yanavyopanda na kushuka katika jamii. Yeye na wenzake walionyesha kwamba huko Uholanzi uwezekano wa mtu kuambukizwa ulikuwa ukishuka kwa takriban asilimia 5 kila mwaka hata kabla ya dawa, na kwamba baada ya vita kasi hiyo iliruka hadi karibu asilimia 13. Tiba haikumsaidia mgonjwa peke yake. Iliwakinga hata wale ambao hawajawahi kumwona daktari.

Tanzania, 1977

Tanzania ya wakati huo ilikuwa ndani ya mageuzi makubwa. Azimio la Arusha lilikuwa limetimiza miaka 10, mamilioni ya watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, na serikali ilikuwa ikijenga zahanati na vituo vya afya kwa kasi ambayo nchi nyingi za kipato chetu hazikuijaribu. Unaweza kubishana juu ya ujamaa mpaka kuche, lakini kwa kisa hiki jambo moja lina uzito: vijijini kulikuwa na jengo, lenye mtumishi wa afya ndani yake, na juu yake kulikuwa na hospitali ya wilaya inayomjua.

Dawa za TB nazo zilikuwepo. Kilichokuwepo pia ni utaratibu uliozoeleka duniani kote kwenye nchi maskini: miezi 12 ya matibabu, miezi ya kwanza ikiwa na sindano za streptomaisini, iliyobaki ikiwa ni vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni. Dawa hizo zilikuwa rahisi sana kwa bei. Tatizo ni mwaka mzima. Mgonjwa wa TB akimeza dawa kwa wiki chache homa inakatika, hamu ya kula inarudi, anaona amepona, na shamba linamwita. Nani atatembea saa nyingi kwenda kufuata vidonge wakati mwili hauna maumivu? Wakawa watoro. Na TB iliyotibiwa nusu ni balaa kuliko isiyotibiwa, jambo ambalo watu wa kawaida hawaliamini hadi uwaeleze polepole: asiyetibiwa kabisa, karibu nusu ya uwezekano ni kwamba atafariki ndani ya miaka mitano, na kifo chake, kwa ukatili wake wote, kinasimamisha maambukizi. Aliyetibiwa nusu anabaki hai, anakohoa, anaishi na wanawe chumba kimoja, na vimelea vilivyomo mwilini mwake huenda vimeshazoea dawa.

Mwaka 1977 serikali, kwa kushirikiana na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu wenye makao Paris, ikaanzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Magonjwa haya mawili kuwekwa pamoja kulikuwa na busara. Yote ni ya muda mrefu, yote yanahitaji mtu wa kumfuatilia mgonjwa kwa miezi, na mratibu mmoja mwenye pikipiki anaweza kuyabeba yote katika wilaya. Styblo ndiye aliyekuwa mshauri wa kisayansi wa mpango huo, na kuanzia 1979 hadi 1991 alikuwa mkurugenzi wa shughuli za kisayansi wa umoja huo.

Uamuzi wa kwanza uliwakera watu

Mpango mpya wa afya kwa kawaida huanza na kampeni ya kutafuta wagonjwa. Mabango, magari ya vipaza sauti, waziri anapigwa picha. Styblo alishikilia kinyume chake: usiende kutafuta wagonjwa wapya wakati hujaweza kuwaponya wale waliokwisha kuja wenyewe. Ukileta wagonjwa 1,000 zaidi kwenye utaratibu unaopoteza nusu yao, umezalisha wagonjwa sugu zaidi, na umetumia fedha kufanya hivyo. Ni kuchota maji kwa pakacha.

Mimi naona hapa ndipo alipokuwa mtaalamu wa sera hasa, zaidi ya kuwa daktari wa kifua. Siasa inataka idadi ya waliofikiwa. Wafadhili nao hivyo hivyo. Kumwambia waziri wa afya kwamba mwaka huu na ujao tutahangaika na kuponya tu, na takwimu za wagonjwa wapya zisimtie presha, kunahitaji mtu mwenye hoja nzito na heshima ya kusikilizwa. Miaka mingi baadaye mpangilio huo ulikuja kuwa sera ya dunia: mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuponya asilimia 85 ya wagonjwa wanaoambukiza wanaogunduliwa, na kugundua asilimia 70 ya waliopo.

Vilevile aliwaweka mbele wale ambao makohozi yao yanaonyesha vimelea chini ya hadubini. Sababu ni maambukizi. Alikuwa amekokotoa kwamba mgonjwa wa namna hiyo asipotibiwa anaambukiza watu takriban 10 kwa mwaka. Mzime huyo kwanza. Uamuzi huu ulikuwa na gharama zake, nitazitaja mbele.

Dawa ghali iliyogeuka rahisi

Mwaka 1970 lilianza Afrika Mashariki jaribio ambalo lingebadilisha tiba ya TB duniani. Watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Wallace Fox na Denis Mitchison, pamoja na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, walijaribu kama tiba inaweza kufupishwa hadi miezi sita kwa kutumia rifampisini au pirazinamidi. Majibu, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalikuwa ndiyo. Wagonjwa wa Afrika Mashariki ndio waliouthibitishia ulimwengu kwamba TB inatibika kwa miezi sita. Halafu wakaambiwa dawa hiyo ni ghali mno kwao.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali. Rifampisini ilionekana dawa ya Ulaya, na nchi kama Tanzania ikashauriwa ibaki na miezi yake 12. Styblo hakukubali, lakini pia hakupiga kelele tupu. Alikaa na hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kupendeza.

Rifampisini ikitumika katika miezi miwili ya kwanza tu, pamoja na streptomaisini, isoniazidi na pirazinamidi, inaua sehemu kubwa kabisa ya vimelea. Miezi sita inayofuata mgonjwa anamalizia na vidonge vile vile vya bei nafuu, isoniazidi na thiasetazoni. Jumla miezi minane. Katika ile miwili ya kwanza mgonjwa analazwa, au anafika kituoni kila siku, na kwa kuwa kuna sindano ya streptomaisini ni lazima aonane na muuguzi, na muuguzi anamwona akimeza vidonge vyake palepale. Kwa hiyo dawa ya thamani kubwa haitoki mikononi mwa mtumishi hata siku moja. Haiuzwi sokoni, haigawiwi kwa jirani anayekohoa, haimezwi leo na kuachwa kesho. Mgonjwa anaporudi kijijini anabeba dawa ambazo hata akizitoroka, rifampisini imebaki salama kwa wagonjwa wa kesho.

Sijaona mpango mwingine wa afya ambamo kemia ya dawa, tabia ya binadamu, bei na hofu ya usugu vimefungwa kwenye fundo moja namna hii. Muuguzi wa wodi alikuwa sehemu ya fomula.

Kisha likaja suala la fedha. Chukua mfano wa hesabu tu, si takwimu za wilaya yoyote. Tiba ya kwanza inagharimu 10 kwa kila mgonjwa na inaponya 50 kati ya 100: umetumia 1,000, kila aliyepona amekugharimu 20, na una watu 50 wa kuwaanzia upya au kuwazika. Tiba ya pili inagharimu 15 na inaponya 85: umetumia 1,500, kila aliyepona amegharimu chini ya 18, na waliobaki ni 15. Anayeangalia bei ya kidonge ataona ya kwanza ni nafuu. Anayeangalia bei ya mtu aliyepona ataona tofauti. Ongeza maambukizi yaliyozuiwa, ubishi unaisha.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 tiba hiyo ya miezi minane iliingizwa kidogo kidogo, wilaya kwa wilaya, kadiri watumishi walivyofundishwa. Waliopona wakafika takriban asilimia 80 ya wagonjwa wapya wenye vimelea kwenye makohozi, jambo ambalo tiba ya miezi 12 haikuwahi kulikaribia katika mazingira ya kawaida ya vijijini. Mwaka 1991 makala katika jarida la Lancet ilichambua gharama za mipango ya Tanzania, Malawi na Msumbiji. Mwandishi wa kwanza alikuwa Christopher Murray, na pamoja na Styblo walikuwemo viongozi wa mipango hiyo mitatu: Chum wa Tanzania, Nyangulu wa Malawi na Salomão wa Msumbiji. Nayataja majina hayo kwa makusudi. Kila mara hadithi hii inaposimuliwa kana kwamba ilikuwa ya Mzungu mmoja, kina Dk. Chum wanapotea, na wao ndio waliokaa na wizara, bajeti, upungufu wa dizeli na makatibu wa wilaya mwaka hadi mwaka. Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya Benki ya Dunia, ya 1993, ikaiweka tiba hii miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kabisa kwa kila shilingi inayotumika.

Rejista

Nimefika kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kisa hiki: daftari kubwa lenye mistari.

Kila wilaya ilikuwa na rejista yake ya kifua kikuu. Mtu anayekohoa kwa wiki kadhaa alitoa makohozi mara tatu: siku anapofika, asubuhi ya kesho yake akiwa nyumbani kabla hajala kitu, na tena anapoileta ile ya asubuhi. Maabara ilipaka makohozi kwenye kioo, ikayachoma kidogo kwa moto, ikatia rangi, na chini ya hadubini vimelea vikaonekana kama vijiti vyekundu vyembamba kwenye uwanja wa buluu. Vikionekana, mtu huyo anapewa namba ya wilaya na mstari wake kwenye rejista: jina, jinsia, umri, kijiji, tarehe ya kuanza, aina ya tiba, majibu ya makohozi ya mwanzo. Halafu nafasi tupu zinazosubiri. Mwezi wa pili, makohozi. Mwezi wa tano, makohozi. Mwishoni mwa mwezi wa nane, makohozi. Na mwisho kabisa wa mstari, safu ambayo lazima ijazwe na jibu moja kati ya machache: amepona, amemaliza tiba, amefariki, tiba imeshindwa, ametoroka, amehamia wilaya nyingine.

Hakuna safu ya “anaendelea vizuri”.

Kila robo mwaka mratibu wa wilaya aliandika taarifa ya walioandikishwa katika robo hiyo, na taarifa ya pili ya walioandikishwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma, ambao sasa hatima yao inapaswa kujulikana. Hesabu za taarifa ya pili lazima zilingane na za ile ya kwanza ya wakati huo. Walioandikishwa 64 hawawezi kuwa na matokeo 59. Watano wako wapi? Mratibu wa mkoa atauliza, mratibu wa taifa atauliza, na Styblo akija atauliza. Utaratibu huu wa kulifuata kundi zima hadi mwisho unaonekana mdogo ukiusoma kwenye karatasi, lakini fikiria ni mipango mingapi ya umma, iwe ya afya, elimu au pembejeo, inayoweza kukuambia leo hatima ya kila mtu iliyomwandikisha mwaka juzi.

Ubora wa namba nao ulilindwa. Vioo vya maabara vilikaguliwa upya ili kujua kama mtaalamu wa wilaya anaona kinachopaswa kuonekana. Akiba ya dawa ilipangwa kutokana na idadi ya walioandikishwa, kwa hiyo taarifa ya robo mwaka ikawa pia ndiyo oda ya dawa. Mratibu asiyeleta taarifa alikuwa anajinyima dawa mwenyewe. Hapo mtu aliyebuni mfumo alijua ofisi zetu zinavyofanya kazi: karatasi isiyo na manufaa kwa anayeijaza haijazwi, au inajazwa kwa uongo.

Kutoka hapa hadi duniani njia ni fupi kuisimulia. Utaratibu huo huo ulikuwa umepelekwa Malawi, Msumbiji, Benin, Nicaragua na kwingine. Arata Kochi alipochukua uongozi wa kitengo cha TB cha Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 aliukuta ukiwa na ushahidi wa miaka zaidi ya 10. China ikaanza kuutumia mwaka 1991, Aprili 1993 shirika hilo likatangaza TB kuwa dharura ya dunia, na katikati ya muongo huo mkakati ukapewa jina la DOTS. Shirika hilo lilikadiria kwamba kati ya 1995 na 2012 watu milioni 56 walitibiwa kwa mafanikio na vifo milioni 22 vikaepukwa. Styblo alifariki Machi 1998, namba hizo zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kupanda. Umoja aliouhudumia unatoa tuzo ya afya ya jamii yenye jina lake.

Kisha UKIMWI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, mpango wa TB ukiwa na umri wa miaka sita. Kilichofuata kingeweza kuusambaratisha kabisa. Virusi vinavunja kinga ya mwili, na mtu aliyebeba vimelea vya TB vilivyolala kwa miaka 20 anaugua ndani ya miezi. Idadi ya wagonjwa wa TB nchini ikaanza kupanda katikati ya miaka ya 1980 na haikuacha kupanda kwa karibu miongo miwili. Wodi zilijaa. Vifo vikaongezeka hata kwa waliokuwa wakimeza dawa ipasavyo, kwa sababu TB ilipona na UKIMWI ukamuua mtu.

Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi waliripoti kwamba thiasetazoni, ile dawa rahisi iliyobeba miezi sita ya mwisho, ilikuwa ikisababisha madhara makali ya ngozi kwa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI, wengine kufa. Ngozi ilibabuka kama ya mtu aliyeungua moto. Dawa ikabidi iondolewe na nafasi yake kuchukuliwa na ethambutoli, kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2004 utafiti mwingine wa kimataifa ukaonyesha kwamba tiba ya miezi minane, hata ikiwa na ethambutoli, inazidiwa na ile ya miezi sita yenye rifampisini mwanzo hadi mwisho. Fundo lile zuri likafunguliwa. Sayansi ilisonga, na ilikuwa haki isonge.

Lakini rejista ilikuwa imefanya jambo ambalo halionekani kirahisi. Kuanzia 1983 nchi ilifanya tafiti za mara kwa mara za kupima watoto wa shule kwa kipimo cha ngozi, ili kujua ni wangapi wameambukizwa vimelea vya TB. Mtoto wa miaka minane aliyeambukizwa anakuambia kilichotokea mtaani kwake katika miaka hiyo minane. Wakati wagonjwa wakiongezeka mara kadhaa kwa sababu ya UKIMWI, mtu angetarajia watoto walioambukizwa nao waongezeke sana. Haikuwa hivyo. Uwezekano wa kuambukizwa ulibaki karibu na asilimia 1 kwa mwaka, ukielekea kushuka taratibu. Wagonjwa walikuwa wengi, ila walikuwa wakigunduliwa na kuzimwa kabla hawajawaambukiza wengine kwa kiwango cha zamani. Halafu utafiti wa kitaifa wa usugu wa dawa, wa 2006 na 2007, ulikuta TB sugu kwa dawa kuu mbili ikiwa takriban asilimia 1 tu ya wagonjwa wapya. Nchi nyingi zilizogawa rifampisini kiholela zingetamani namba hiyo.

Alichokiacha nje ya mstari

Kumuenzi mtu wa namba bila kuhesabu upungufu wa kazi yake kungekuwa kumkosea adabu.

Kwanza, kulazwa miezi miwili. Kwa mama mwenye watoto wadogo, au mkulima aliyegunduliwa mwezi wa Novemba mvua zikianza, miezi miwili wodini ni msimu mzima umepotea na nyumba imebaki kwa majirani. Wengine walikwepa kipimo kwa kuogopa kulazwa. Tanzania ilikuja kulibadilisha hili kuanzia 2006, mgonjwa akapewa nafasi ya kuchagua kumeza dawa kituoni au nyumbani chini ya msimamizi anayemwamini, mara nyingi ndugu. Nadhani mabadiliko hayo yangeweza kuja mapema. Kumwangalia mgonjwa akimeza dawa kulianza kama ulinzi wa dawa na wa mgonjwa mwenyewe, lakini kulipogeuka kauli mbiu ya dunia, mahali pengi kulibaki kumwangalia tu, bila nauli, bila chakula na bila kumwuliza chochote.

Pili, watoto. Mtoto mdogo hawezi kukohoa makohozi ya kutosha kwenye kikopo, na hata akiweza, vimelea vyake ni vichache. Mfumo uliojengwa juu ya hadubini haumwoni. Vivyo hivyo mwenye TB ya mifupa, ya uti wa mgongo, ya tezi, na wengi wenye virusi vya UKIMWI ambao makohozi yao yanasomeka safi wakati mapafu yanaungua. Walitibiwa walipopatikana, lakini hawakuwa ndio kipimo cha mafanikio, na kisichopimwa hakipewi fedha. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku waliofundishwa kunusa makohozi wamekuwa wakirudia sampuli ambazo hadubini ilizipitisha kuwa salama, na wamekuwa wakikuta wagonjwa humo. Hao ni watu waliokwisha kufika kituoni, wakatoa makohozi, wakaambiwa hawana TB, wakarudi nyumbani.

Tatu, na hili ndilo linalogusa mzizi wa fikra zake, mafunzo ya Kolín yalisema mgonjwa hatari anakuja mwenyewe. Mwaka 2012 Tanzania ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa kupima ukubwa wa TB kwa kuwafuata watu majumbani, wenye dalili na wasio nazo. Ugonjwa ulikutwa mwingi mno kuliko makadirio yaliyokuwa yakitumika. Walikuwepo ambao hawakuwa wamefika popote. Chekoslovakia ya miaka ya 1960, yenye barabara, bima na daktari wa jirani, haikuwa kijiji kilicho kilomita 30 kutoka zahanati, wala haikuwa mgodi mdogo wa dhahabu ambamo kikohozi ni sehemu ya kazi. Anayekuja mwenyewe ni yule mwenye uwezo wa kuja.

Amri ya kutotafuta kabla ya kuponya ilikuwa sahihi mwaka 1977. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, tiba ikiwa inaponya watu wengi hivyo, sehemu ya pili ya amri hiyo ilipaswa kuanza kutekelezwa kwa nguvu ile ile, na haikutekelezwa. Lawama hiyo naiweka kwa sisi tuliorithi zaidi kuliko kwake. Tulichukua fomu zake tukaacha hasira iliyokuwa nyuma yake. Siku hizi timu zinazokwenda migodini na magerezani na mashine za eksirei za kubeba, kisha zikathibitisha kwa vipimo vya vinasaba vinavyotoa majibu ndani ya saa mbili, zinafanya kitu ambacho utafiti wa Kolín ulikitilia shaka. Tofauti ni kwamba kila anayekutwa na TB anaingizwa kwenye rejista ya wilaya siku hiyo hiyo na kupewa namba, na baada ya miezi sita mratibu anadaiwa jibu lake.